Nusu ya Kidonge

Duka la fotokopi lilikuwa limefurika watu, mashine zinanguruma, joto usiseme. Mchora ramani mmoja mrefu, mikono ya shati jeupe imekunjwa mpaka viwikoni, akaponyokwa na karatasi ndefu. Ikamzunguka miguuni dada mwenye gauni la kijani.

"Samahani, dada. Nimekufunga."

"Basi nifungue. Saa moja niko kazini."

Kijana akashtuka. "Hee! Wewe si ndiye msoma habari wa redioni? Hebu sema tena!"

Ndiyo ikawa hiyo. Simu asubuhi, simu mchana, na jina jipya alilompa kijana: Tulia. "Hata ukisoma habari za mafuriko," alimwambia, "sauti yako haitikisiki. Mimi nilizaliwa na papara, nahitaji mtu kama wewe."

Maskini, laiti angejua! Nusu saa kabla ya kila taarifa, Tulia alijifungia msalani akameza kidonge kidogo cha rangi ya waridi. Ilikuwa dawa ya moyo, ingawa moyo wake ulikuwa mzima. Daktari alimwandikia kwa sababu ya hofu: kila akikalia kile kiti moyo ulikwenda mbio, na mikono ilitetemeka hadi karatasi zikasikika hewani. Kidonge kilizuia mbio na mtetemo, basi. Hofu yenyewe ilibaki palepale. Na mwanamume aliyependa utulivu wake, angemwambiaje kwamba utulivu wenyewe unatoka kwenye pakiti? Aliona haya, akanyamaza miezi minne.

Siku ya mchora ramani kutetea mchoro wake wa jengo la shule mbele ya jopo, simu ililia saa nane mchana.

"Mpenzi, njoo. Natetemeka."

Tulia alimkuta kwenye ngazi, suti ya bluu imembana vizuri, jasho linamtiririka. Akafungua mkoba, akavunja kidonge kati.

"Meza hii. Hailevyi."

"Umeijuaje?"

Hapo ndipo angesema ukweli. "Kuna mwenzangu kazini anaitumia. Lakini wewe huna ugonjwa wowote?"

"Mimi? Chuma cha pua!" Akameza, akambusu, akaingia.

Tulia alikaa kwenye benchi nje ya mlango. Mwanzoni alisikia sauti ya kijana imenyooka, hata wakubwa wa jopo wakacheka. Halafu kikohozi. Halafu mluzi mwembamba, wa mtu anayeitafuta pumzi. Mlango ulipofunguliwa, kijana alikuwa ameshika ukuta, midomo imebadilika rangi.

Hospitalini mama wa kijana alifika mbio, kanga begani, kiatu kimoja hakijafungwa. Muuguzi alikuwa amemvalisha mgonjwa barakoa ya dawa ya kufungua kifua, lakini kifua kilikuwa kigumu vilevile.

"Haitikii dawa inavyopaswa," daktari alisema. "Kuna kitu amekunywa?"

"Mwanangu? Hanywi chochote!" mama alijibu.

Tulia akisema, amempoteza, tena mbele ya mama mkwe. Akinyamaza, je? Akapiga moyo konde, akatoa pakiti yenye jina lake.

"Nimempa mimi. Nusu. Ni dawa yangu, naitumia kwa sababu ya hofu."

Daktari alisoma, akaruka. "Hii haimfai mtu mwenye pumu! Inabana njia za hewa, na ile ya kufungua inashindwa kazi!" Akaamuru dawa nyingine, upesi.

"Pumu?" Tulia aliuliza.

"Anayo tangu ana miaka sita!" mama alifoka. "Hujui, na unamlisha vidonge? Toka mbele ya macho yangu!"

Alitoka. Pakiti ilibaki mkononi mwa daktari. Saa moja kamili Tulia alikalia kiti chake bila kidonge, bila habari ya mgonjwa, macho yamevimba. Akasoma. Sauti ilitetemeka tangu salamu mpaka hali ya hewa, karatasi zikachakacha nchi nzima ikisikia. Lakini alimaliza.

Alipotoka studio tu, simu ikalia.

"Tulia." Sauti ilikuwa nzito, lakini pumzi ipo.

"Usiniite hivyo. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia, kwenye redio ya muuguzi. Na mimi si chuma. Pampu yangu ya pumu niliiacha nyumbani makusudi, ilituna mfukoni mwa suti. Sikutaka uione."

"Mjinga wewe! Ungekufa!" Tulia akaangua kilio.

"Mjinga, ndiyo. Una nini kingine unachonificha?"

"Naogopa lifti. Wewe?"

"Nakoroma. Nioe... yaani, nikuoe?"

Kabla hajajibu, simu ilinyakuliwa upande wa pili.

"We binti," alisema mama. "Nimekufokea, na bado nina hasira. Lakini ungenyamaza pale, saa hizi ningekuwa nafiwa. Pakiti yako daktari amenipa mimi. Kesho uje uichukue, na jibu la mwenzio ulilete hapa, nilisikie kwa masikio yangu."

"Nitakuja, mama," alisema, huku mkono ulioshika simu ukimtetemeka, naye asiufiche.