Masizi ya Bibi

Saa nne asubuhi pale Mwenge penye vinyago, mtu mwenye akili hapiti na gogo la mpingo begani huku akimkodolea macho msichana. Marijani alipita hivyo hivyo. Gogo likamgonga Mauwa kiwikoni, na kifurushi alichokifunga kwa kanga kikaanguka chini.

"Wewe! Macho umeyaacha nyumbani?"

"Nisamehe, sista. Hebu tuone."

Kilikuwa chetezo cha kale cha Kichina, cha jiwe la jade, kijani kilichopauka. Mashikio yake vichwa vya simba, mfuniko umetobolewa maua ya yungiyungi, tumboni wamechongwa popo watano wenye mabawa yaliyojaa weusi wa moshi. Mguu mmoja ulikuwa umekatika.

"Popo, kwenye kitu kizuri hivi?"

"Kwa Wachina popo ni heri. Ni cha marehemu bibi, na umekivunja!"

"Niachie. Nitakichongea mguu wa mpingo, bure."

Wiki mbili simu haikupoa.

"Mgonjwa anaendeleaje?" Mauwa aliuliza.

"Chetezo au mie?"

"Wewe huumwi."

"Naumwa, mpenzi. Hujanipima tu."

Siku ya kukichukua, Mauwa alivaa dera jipya la zambarau, akajipaka wanja. Marijani akafunua kitambaa kwa madaha. Mguu wa mpingo umekaa barabara, na chetezo kizima kinameta. Alikisugua siku tatu kwa sabuni, mswaki na msasa laini, kwa kuwa kwa mchongaji kazi isiyong'aa bado haijaisha. Wanaume bwana! Unawapa mguu watengeneze, wanakutengenezea na usichowaomba.

Mauwa akakinusa. Hakikunukia chochote.

"Nani kakutuma ukisafishe?"

"Si kilikuwa kichafu, mpenzi?"

"Kichafu! Bibi kafukiza udi humu miaka arobaini, kila Alhamisi jioni. Yale masizi ndiyo tuliyobaki nayo. Tulimwosha siku aliyokufa, Marijani. Wewe umemwosha mara ya pili!"

Akaondoka nacho, akaizuia namba yake. Marijani akaazima simu za wenzake. Kila akisikia sauti yake, Mauwa anakata. Na alikuwa na haki.

Alhamisi ya tatu, Marijani akabisha hodi nyumbani kwa kina Mauwa, Temeke, amevaa kanzu, mkononi ana mkaa na udi. Mama yake Mauwa alifungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye msasa?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kurudisha nilichokiondoa."

"Hakirudi!" Mauwa alifoka kutoka ndani. "Ni kazi ya miaka arobaini!"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja na mjomba wangu, yuko hapo nje. Miaka arobaini yote, mama, siwezi kuwa napiga hodi kama mgeni."

Kisha Mauwa akatokea na chetezo, machozi yanamtoka, uso ameukunja.

"Bado nimekasirika," alisema, akamkabidhi Marijani. "Tena sana. Mwambie mjomba aingie, asisimame juani."