Anayejibu Kwanza

Kompyuta ya saba iliamka na jina la mtu.

Ilikuwa Jumanne ya Januari, saa mbili kasorobo asubuhi, na nje ya maktaba ya Suolamo giza lilikuwa bado zito juu ya theluji. Marketta, mkutubi, alikuwa amebonyeza vitufe vya mashine zote kumi na mbili, kama afanyavyo kila siku kabla ya kuchemsha kahawa. Mashine hizo zilipewa majina ya matunda ya msituni: Mustikka, Puolukka, Karpalo na mengineyo. Kila moja ilipowaka iliandika jina lake juu ya skrini, kisha ikaendelea na kazi. Ya saba iliitwa Lakka. Asubuhi hiyo iliandika: Hilja.

"Kerttu!" Marketta aliita. "Njoo umwone huyu. Amebatizwa upya bila kuniuliza."

Kerttu Moilanen, fundi wa kompyuta wa manispaa, alikuja polepole, mkono mmoja kiunoni. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane.

"Umegusa nini?"

"Mimi? Mimi hata simu yangu inanishinda. Nilidhani ni jina la mtoto limekuponyoka."

"Ungefurahi wewe."

"Nidokeze basi. Herufi ya kwanza tu, jamani."

"Utalisikia siku ya ubatizo, kama watu wote."

Ndiyo desturi ya watu wa Suolamo. Jina la mtoto hufichwa hadi aguswe na maji kanisani. Kerttu na mumewe, Oskari, walikuwa wamekwisha kulichagua, na walilitamka chumbani mwao tu, tena kwa kunong'ona.

Kerttu aliizima Lakka akaiwasha tena. Hilja. Chini ya jina zilitokea tarehe mbili, ya tatu na ya nne ya Machi, mwaka 1911. Alipoinama kutazama vizuri, upepo uliotoka kwenye matundu ya mashine ukampiga usoni, nao ulikuwa na harufu ya moshi na ya majani mabichi ya mti wa mbetula yaliyorowekwa kwenye maji ya moto. Harufu ya sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke.

Mashine za maktaba hazikuwa na diski. Kila asubuhi ziliamka tupu, hazijui majina yao wala kazi yao, na kila moja ilipaza sauti ndani ya nyaya: mimi ni nani? Mlezi wangu yuko wapi? Yeyote aliyejibu kwanza, mashine ilimwamini. Ilichukua jina alilopewa na akili aliyopewa, ikainuka. Miaka yote aliyejibu alikuwa mmoja, seva ya Kerttu, na Kerttu aliupenda mpango huo. Hakuwahi kujiuliza ingekuwaje siku atakapojibu mwingine.

Alifungua kumbukumbu za seva. Lakka imeita, zilisema. Seva imejibu. Lakka imekataa: imekwisha kujibiwa.

"Kuna mtu kaleta kisanduku cha intaneti cha nyumbani akakichomeka hapa," alisema, akaanza kutambaa chini ya meza, waya baada ya waya.

"Utazalia chini ya meza wewe! Toka nikutafutie."

Walitafuta wote wawili. Hapakuwa na kisanduku chochote.

Jumatano zikawa mashine tatu. Alhamisi, zote kumi na mbili: Hilja, Eemeli, Lempi, Toivo, na majina mengine ya kizee ambayo watu walikuwa wameacha kuwapa watoto. Tarehe za kila jina zilipishana kwa siku moja au mbili. Chini ya kila jina lilikuwepo neno moja: baridi.

Ijumaa Kerttu alichomoa waya wa seva kwa mkono wake, akaushika ukining'inia, akamwambia Marketta awashe. Hapo ndani ya mtandao hapakuwa na mtu wa kujibu. Mashine ziliita. Zikajibiwa. Zikaamka zote.

Marketta hakufanya mzaha siku hiyo. Alikwenda ofisini kwake, akarudi na nakala ya kitabu cha zamani cha kanisa.

"Wamo humu," alisema kwa sauti ya chini. "Wote kumi na wawili. Unajua nyumba hii ilikuwa ya nani kabla ya maktaba?"

"Ya mkunga wa kijiji. Kila mtu anajua."

"Na wanawake walijifungulia wapi?"

Kerttu alijua. Wanawake wa zamani walijifungulia sauna, mahali penye joto na maji safi, na maiti walioshwa humo humo. Hawa kumi na wawili walizaliwa katika chumba kile kidogo cha mawe uani, wakafia humo, wakaoshewa humo. Na chumba kile sasa kilikuwa chumba cha seva, kwa shauri la Kerttu mwenyewe.

Manispaa ilikuwa imetafuta mahali pasipo na gharama, na Kerttu ndiye aliyesema: sauna ile haitumiki, ina kuta nene, ina mfereji wa maji, tuichukue. Mwezi wa Agosti aling'oa jiko la sauna, akatundika nyaya kwenye misumari iliyokuwa ya mafungu ya matawi ya mbetula ya kujichapia mvukeni. Mawe ya jiko, meusi kwa miaka mia ya moto, aliyamwaga katika shimo la maegesho, na magari yakawa yanapita juu yake. Kila sauna ya zamani ina jini wake. Wazee humwita mwenyeji, na mvuke wa mwisho humwachia yeye. Marketta alimuuliza siku ile kama hataki kumwagia mawe maji kidogo, kumuaga. Kerttu alicheka. "Mpe likizo," alisema. "Kafanya kazi miaka mia." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na mambo hayo alikuwa akiyasikia kwa bibi yake tu, pamoja na habari za vita na njaa.

Jumatatu iliyofuata alikwenda peke yake kufungua chumba cha seva. Kitasa cha chuma, ambacho katika baridi ya nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri kingepaswa kung'ata ngozi, kilikuwa cha uvuguvugu na kimelowa. Alisikia, nyuma ya mlango, maji yakimwagwa juu ya mawe yasiyokuwepo, tssss, kisha kimya, kisha tena tssss, na kila mara baada yake pumzi ndefu kama ya mtu aliyekalia benchi la juu akivumilia joto. Alirudi maktaba akikimbia kwa kadiri tumbo lilivyomruhusu, akaingia chumba cha kompyuta ambamo Marketta alikuwa bado hajawasha kitu, na mbele yake skrini zote kumi na mbili zikawaka zenyewe moja baada ya nyingine kutoka mlangoni hadi dirishani, kama mtu anayepita akizigusa, na badala ya majina kumi na mawili ziliandika jina moja tu, jina ambalo hakuna mtu Suolamo aliyelijua isipokuwa yeye na mumewe na ukuta wa chumba chao: Aune.

Mtoto akageuka tumboni, kama aliyeitwa.

*

Impi Kemppainen, mganga wa kienyeji wa Suolamo, alikuwa na miaka themanini na minne, na bado aliwaumika watu wenye maumivu ya mgongo na ya kichwa, kwa pembe za ng'ombe alizorithi. Alimsikiliza Kerttu, aliyemwendea jioni hiyo, mpaka mwisho huku akimmiminia kahawa.

"Mawe uliyapeleka wapi, mwanangu?"

"Kwenye shimo la maegesho."

"Chini ya matairi."

"Ndiyo, bibi."

Impi alitikisa kichwa. "Wale watoto walikuwa mikononi mwake. Mama zao walimwachia, kwa sababu pale angalau palikuwa na joto. Amewalea miaka mia. Wewe ukamzimia moto."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Hata yeye anajua. Haimpunguzii hasira." Alisogeza kikombe. "Hizo mashine zako hazina maana kwake. Ila amegundua kwamba kwenu maktaba kuna viumbe vinaamka tupu na kuuliza mimi ni nani, na vinamwamini anayejibu kwanza. Anajizoeza. Na wewe unaye mmoja anayekuja kuuliza."

Kerttu alishika tumbo kwa mikono miwili.

"Nifanye nini?"

"Rudisha mawe. Nitakuja kuyaamsha. Hizo mashine usiziache ziite tena, hata moja. Ziambie wewe kabla hazijauliza. Inawezekana?"

Iliwezekana. Kabla ya mashine kuita, programu ndogo ya kuiamsha ilingoja sekunde tano. Ukibonyeza kitufe, ilisimama na kusubiri amri. Tangu siku ile Kerttu aliketi mbele ya kila moja, giza la asubuhi dirishani, akaandika amri nne kwa mkono: anwani yako ni hii, mlezi wako ni huyu, chukua faili hili, amka. Mara kumi na mbili. Mashine ziliamka na majina ya matunda yao. Marketta alijifunza amri zile kutoka kwenye karatasi, ulimi ukimtoka pembeni mwa mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jumamosi, Oskari aliyachimbua mawe kwa mtaimbo kutoka kwenye barafu ya maegesho. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, asiyeamini lolote kati ya haya.

"Majirani watasema nimerukwa na akili," alisema.

"Waambie ni kwa ajili ya mkeo."

"Hapo wataamini."

Seva ilihamishiwa ofisini kwa Marketta. Mawe yalichomwa uani hadi yakawa mekundu, yakarudishwa ndani kwa ndoo, na Impi akaingia nayo peke yake akiwa na kata ya maji. Waliobaki nje walisikia tssss ya kwanza, na sauti yake ikinong'ona, na tssss ya pili, na baada ya hiyo ya pili wakasikia kitu ambacho Oskari mpaka leo husema ulikuwa upepo kwenye bomba la moshi, lakini bomba lilikuwa limezibwa tangu Agosti, na upepo haukuwepo, na sauti ile ilikuwa ya vinywa vidogo vingi vikishusha pumzi kwa pamoja, vikitulia, isipokuwa kimoja kilichoendelea kulalamika kwa muda mrefu baada ya vingine kunyamaza.

Impi alitoka amelowa, uso mwekundu.

"Mawe ameyapokea. Nimemwomba akuachie mtoto." Alijifuta macho. "Hapo hakunijibu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo desturi ya kuficha jina iache. Mtoto akilia tu, mjibu. Jina lake, kwa sauti, kabla ya mtu mwingine yeyote kufungua mdomo. Na mashine ziandikie hivyo hivyo mpaka ujifungue."

"Na nisipoweza?"

Impi akamtazama Oskari. "Basi baba yake."

Oskari alikohoa. "Nitaweza," alisema.

*

Uchungu ulikuja wiki mbili mapema, Alhamisi alfajiri, na mambo hayakwenda vizuri. Hospitalini waliona mapigo ya moyo wa mtoto yakipungua. Mkunga wa zamu, kijana wa kiume mwenye hereni moja, alimshika Kerttu mkono akamwambia watamlaza usingizi wampasue, hakuna muda wa njia nyingine.

"Oskari," Kerttu alisema, akisukumwa kitandani kwenye korido. "Akilia tu."

"Nimesikia."

"Wa kwanza uwe wewe. Niapie."

"Naapa. Nitasimama mlangoni."

Alipozinduka dirisha lilikuwa na mwanga wa kijivu. Oskari ameketi karibu yake, macho mekundu, anatabasamu, na kifuani mwa Kerttu kulikuwa na uzito mdogo uliofunikwa blanketi.

"Mzima," alisema Oskari. "Msichana. Kilo tatu kasoro kidogo."

"Ulimjibu?"

"Ndiyo. Yaani, karibu." Alicheka kwa aibu. "Nilikuwa mlangoni kama nilivyoapa. Alilia, nikafungua mdomo, machozi yakanikaba. Mkunga akanitangulia. Lakini nilisema, Kerttu, nilisema mara tu baada yake."

"Yule kijana?"

"Hapana, yule mzee. Alimtoa nje kunionyesha. Mikono yake ilikuwa imelowa, inatoka mvuke kabisa. Mpole sana. Alikuwa akimbembeleza, 'Hilja, Hilja, umepata joto sasa.' Nikamwambia jina lake ni Aune. Akanitazama tu, akanipa mtoto."

Kijana mwenye hereni alikuwa akipita mlangoni, na Kerttu akamuuliza mkunga mzee yuko wapi, akajibiwa kwamba leo zamu nzima ni yeye peke yake, na mzee hawana.

Simu ilitikisika juu ya meza. Ilikuwa ujumbe wa Marketta.

"Hongera mama!! Kumbe hamkungoja ubatizo, mmelitangaza! Asubuhi niliandika amri zangu vizuri, ila nilipofika kwa Lakka simu ya mezani ikalia, nikageuka, ikajiwasha yenyewe. Imeandika Aune, na tarehe ya leo, ya pili imeachwa wazi. Jina zuri mno. Ila hilo neno la chini yake, 'baridi', sijalipenda, ni utani gani huo?"

Kerttu aliinamisha uso. Nywele za mtoto zilinukia majani ya mbetula. Alijaribu, kwa sauti iliyokaribia kukatika, kumwita Aune, na mtoto hakutikisika.

"Hilja," alisema Oskari akitabasamu, kwa mzaha tu.

Mtoto akafumbua macho. Kifuani mwa Kerttu alikuwa na joto tele, joto la jiwe lililotoka motoni, na alimtazama bila kupepesa, kama mtu aliyengoja nje kwa muda mrefu sana na hatimaye akafunguliwa mlango.