Msimamizi wa Baraza la Ziwa

Getruda aliishi Buswelu na mumewe Masele, fundi baiskeli. Kila asubuhi alipika uji, akawaamsha watoto, kisha akaenda kazini Mirongo, katika duka la Naushad. Ilikuwa mwaka 1999. Biashara mpya zilifunguliwa Mwanza kila kukicha, lakini duka hili liliwashangaza watu kuliko yote. Humo hamkuuzwa sukari wala khanga. Zilikuwamo kompyuta chache zilizounganishwa na waya wa simu, na watu walikuja kuandikiana barua.

Barua hizo hazikubandikwa stempu. Mtu aliandika akiwa Kanada, kwenye theluji, na Getruda akaisoma Mirongo kabla chai yake haijapoa. Alikuwa ameizoea kazi, lakini mshangao haukumwisha. Akirudi nyumbani alimsimulia Masele.

"Mke wangu, hayo mambo ni makubwa," Masele alisema, akatikisa kichwa.

Naushad alikuwa ameanzisha baraza la kwenye kompyuta. Aliliita Baraza la Ziwa. Watu wa Mwanza, Sengerema na Bukoba, hata waliokuwa nchi za mbali, waliandika humo wakijadili mambo ya ziwa lao. Kila barua ilipita kwanza kwa Getruda, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa msimamizi. Barua nzuri aliifungulia, wote wakaisoma. Barua yenye matusi aliizuia, na hakuna aliyeiona. Sheria ilikuwa hiyo tu.

Mwezi huo gumzo lilikuwa magugu maji. Yalikuwa yameziba mialo, yale maeneo ya ufukweni ambako mitumbwi hutia nanga. Vijana wa kujitolea walikuwa tayari kusafisha Jumamosi, ila walikuwa na boti moja tu. Waanzie mwalo wa mjini au ule wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba? Wakaliachia baraza liamue.

Alexander, mdogo wake Masele aliyeishi Dar es Salaam, aliandika: "Watu wa ng'ambo ni wavivu. Mikono mnayo, ng'oeni wenyewe. Mmezoea kulialia."

Getruda alicheka. Huyu ni shemeji yake, na utani wake anaujua. Akaifungulia barua.

Jibu likaja kutoka Sengerema. Aliyeandika ni Dorotea, muuguzi wa zahanati ya ufukweni, ambaye alitumia kompyuta ya misheni. "Wavivu ni nyie wa mjini, mliozoea kula samaki msiyemvua. Njooni muone wajawazito wanavyokwama kwenye magugu."

Getruda alikunja uso. Aliona mama huyu ana maneno makali. Akaizuia barua. Dorotea akaandika tena, akauliza barua yake imekwenda wapi. Getruda akaona sasa anatafuta ugomvi, akaizuia na hiyo.

Basi baraza likasikia upande mmoja. Likaamua boti iende mwalo wa mjini.

Alhamisi mama mmoja aliingia dukani, pindo la gauni lake limelowa.

"Shikamoo mama," Getruda alisema.

"Marahaba mwanangu. Naitwa Dorotea, natoka Sengerema. Nimevuka na kivuko asubuhi. Namtafuta msimamizi wa baraza."

"Ni mimi, mama."

Dorotea alimtazama toka juu hadi chini. "Mimi nilidhani ni mzee mwenye tai. Kumbe ni binti kama wanangu. Haya niambie, nilikukosea nini?"

"Barua yako ilikuwa na tusi. Uliwaita watu wavivu."

"Na yule wa Dar es Salaam alituitaje sisi?"

Getruda alimvutia kiti.

"Wiki iliyopita mtumbwi ulikwama kwenye magugu, mjamzito yumo," Dorotea aliendelea. "Akajifungulia humo humo. Mimi niko nchi kavu, namsikia analia, siwezi kumfikia. Yeye na mtoto wamepona, tunamshukuru Mungu. Lakini yuko mwingine kisiwani ambaye siku zake zimefika. Ndiyo maana niliandika kwa hasira."

Pembeni alikaa Shanta, muuza vitambaa wa duka la jirani. Alikuwa akisubiri barua ya binti yake Kinjal aliyekuwa akisoma Uingereza. Shanta alikuwa refa wa netiboli kwa miaka mingi, na shule zote za mjini zilimjua kwa filimbi yake.

"Getruda, geukia ukutani," alisema. "Naushad, nifungulie barua za zamani, zilizopita na zilizozuiwa. Nitasoma bila majina. Wewe Getruda sema ipite au isipite."

Akasoma: "'Wavuvi wa visiwani hawana akili.'"

"Isipite. Hilo ni tusi."

"Uliipitisha. Ni ya shemeji yako." Akasoma nyingine: "'Watu wa mjini hawatujali, tunaumia peke yetu.'"

"Ipite. Huyo analalamika tu."

"Uliizuia. Ilitoka Sengerema."

Ziliposomwa nyingine kadhaa, Getruda aligeuka polepole. Siku zote aliistaajabia kompyuta. Sasa aliustaajabia moyo wake mwenyewe. Uliwezaje kumdanganya hivyo, naye ana nia njema?

"Sikukusudia kumwonea mtu," alisema.

"Najua," Shanta alijibu. "Refa hapangiwi mechi ya shule ya mwanawe. Si kwamba ni mwizi. Jicho humpendelea unayemjua, na mwenyewe huna habari."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Barua za ndugu zako azisome Naushad. Za wengine, ziba jina, soma maneno, ndipo uamue. Na ukizuia barua, mwambie mwenyewe sababu. Apate nafasi ya kurekebisha, au alalamike kwa mtu mwingine, siyo kwako wewe uliyemzuia."

"Sheria yetu nayo haijakaa sawa," Naushad alisema. "Hatukueleza tusi ni lipi. Tukubaliane hivi: kulalamika ruksa, hata kwa ukali. Kumwita mtu jina baya, hapana. Iwe kwa wote."

"Basi hata langu mlitoe," Dorotea alisema. "Litoeni neno wavivu. Wajawazito waacheni."

Getruda akaketi, akaliandikia baraza: "Niliifungulia barua ya shemeji yangu, nikaizuia ya mama Dorotea, na kosa lao lilikuwa moja. Nimewakosea nyote. Barua yake ni hii. Naomba tuamue upya."

Alexander alikuja juu. "Shemeji, umenigeuka kwa ajili ya mtu usiyemjua?" Naushad ndiye aliyemjibu. Alexander akanuna, na hakupiga simu Buswelu kwa muda mrefu.

Lakini barua zilimiminika. Bukoba waliandika. Kanada wakaandika. Wengine bado waliutaka mwalo wa mjini, na barua zao zikapita vilevile. Ijumaa, mvuvi wa mjini aliyekuwa ameipinga Sengerema aliandika: "Habari ya wajawazito sikuisikia. Boti iende huko, sisi tutasubiri." Wengi wakamuunga mkono.

Jumamosi Getruda alivuka na vijana. Magugu yalikuwa yamefunika maji yote, mazito, mizizi imeshikana. Walikata, wakavuta, wakarundika ufukweni. Wote walijua upepo ukigeuka mengine yatakuja, na kazi itarudiwa. Hata hivyo, mchana njia ya maji ilionekana.

Haukupita muda, mtumbwi ukaingia kwa njia hiyo. Ndani alilala mwanamke juu ya mkeka. Dorotea aliingia majini, akamshika mkono, akamtoa.

"Nani kafungua njia?" mwanamke aliuliza, akihema.

"Watu wengi," Dorotea alijibu. "Wengine wako Kanada."

Mwanamke alidhani anataniwa. Getruda alisimama kwenye tope, akiwatazama. Watu wasioonana walikuwa wamesikilizana, na maji yamefunguka.

Jioni, vijana wakipakia makoleo kwenye boti, sauti ya kichanga ilisikika kutoka zahanati. Wote wakaacha kazi, wakasimama kusikiliza.