Gaëlle na Filamu ya Ghorofa Kumi na Moja

Kila siku akitoka shule, Gaëlle alipitia saluni ya mama yake, Mama Hélène, akamsalimu, akanywa maji, kisha akaanza kupanda ngazi. Saluni ilikuwa chini kabisa ya jengo lao la Hillbrow, jijini Johannesburg, na wao walikaa ghorofa ya kumi na moja. Lifti ilikuwa imekufa tangu mwezi wa pili.

Mwanzoni alikuwa akipanda huku ananung'unika. Baadaye akaanza kutazama na kusikiliza. Ghorofa ya tatu palinukia vitunguu vikikaangwa. Ghorofa ya nane kulikuwa na mtu aliyekuwa akijifunza kupiga tarumbeta, na ilikuwa wazi kwamba hajafika mbali. Papa Gustave, mlinzi wa jengo, alipanda na kushuka akihesabu vidato kwa Kifaransa. Gaëlle, ambaye alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alizijua ngazi zile kama anavyoijua njia ya kwenda kitandani kwake.

Jumamosi alikwenda darasa la Kiswahili kanisani. Watoto wengi wa wahamiaji waliozaliwa Johannesburg walikisikia Kiswahili kwa wazazi wao na kujibu kwa Kiingereza au Kizulu, kwa hiyo Mwalimu Kathambi, Mkenya aliyefanya kazi benki siku za juma, aliwafundisha bila malipo. Siku moja aliingia akitabasamu.

"Kuna mashindano ya filamu kwa madarasa yote ya Kiswahili ya jiji hili," alisema. "Filamu iwe ya dakika tano, isizidi. Lugha ni Kiswahili. Na kila picha mtakayoonyesha muwe mmeipiga wenyewe. Zitaonyeshwa kwenye pazia kubwa la sinema katika ukumbi wa kanisa hili, na jaji ni Bwana Thierry, ambaye amepiga picha za sinema kwa miaka ishirini."

Gaëlle hakusikia kilichosemwa baada ya hapo. Kichwani mwake filamu ilikuwa imeshaanza.

Aliunda kikosi cha watu watatu. Yeye mwenyewe angeongoza na kupiga picha kwa simu ya mama yake. Rafiki yake Wamaitha, mwenye masikio makali, angeshughulikia sauti. Steve angeigiza, kwa sababu alijua kuanguka bila kuumia. Hadithi yenyewe ilikuwa rahisi: mvulana anatumwa kumpelekea bibi yake keki ya siku ya kuzaliwa, ghorofa ya kumi na moja, na lifti haifanyi kazi. Katika kila ghorofa keki inaponea chupuchupu. Waliiita filamu hiyo Keki.

Walifanya kazi Jumapili tatu mfululizo, siku ambazo saluni ilifungwa. Bibi Murielle, jirani yao, aliigiza bibi na kuwasahihisha Kiswahili chao kila dakika. Jumapili ya tatu Steve alijikwaa kwelikweli kwenye ghorofa ya tisa, na nusu ya keki ikaangukia viatu vya Papa Gustave. Siku hiyo walikuwa na keki hiyo moja tu. Hata hivyo, Gaëlle hakuzima simu. Papa Gustave alivitazama viatu vyake kwa muda mrefu. Kisha akainama, akachota krimu kwa kidole, akaionja.

"Sukari imezidi," alisema, akaendelea kushuka.

Walicheka hadi Wamaitha akalazimika kukaa chini. Nusu ya keki iliyobaki ndiyo iliyomfikia bibi, na filamu ikawa tamu kuliko walivyopanga.

Furaha hiyo ilidumu siku nne. Alhamisi, darasa la mtaa wa Randburg lilituma kionjo cha filamu yao katika kundi la WhatsApp la mashindano. Kiongozi wao alikuwa Jeremy, mvulana ambaye baba yake alifanya kazi katika kampuni ya kutengeneza matangazo. Walikuwa na kamera kubwa, taa za sinema na droni. Kionjo kilionyesha jiji zima kutoka angani wakati jua linachomoza, kisha gari jeusi likikimbia barabarani kwa muziki wa kutetemesha kifua.

"Eish," alisema Wamaitha akirudisha simu. "Hii ni sinema ya kweli. Sisi tuna ngazi tu."

Maneno hayo yalimchoma Gaëlle. Kesho yake, baada ya shule, alitafuta mtandaoni akapata filamu moja kubwa ya ng'ambo iliyopigwa Johannesburg. Ndani yake kulikuwa na picha ya helikopta ikipita juu ya majengo marefu alfajiri. Alikata sekunde kumi na mbili, akazibandika mwanzoni mwa Keki. Zilipendeza ajabu. Alipowaonyesha wenzake, Steve aliruka kutoka kwenye kiti.

"Umepataje hii?"

"Mjomba wangu Jacques wa La Rochelle, hapa hapa jijini, ana droni," alijibu Gaëlle, bila kumtazama usoni.

Siku ya mashindano ikafika. Vikosi vyote viliitwa ukumbini saa tatu asubuhi kujaribu filamu zao kwenye pazia, kabla watazamaji hawajaingia saa tano. Bwana Thierry, mzee mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliitazama Keki akiwa amesimama. Sekunde zile za helikopta zilipopita, alivaa miwani.

"Hii ya juu mliipigaje?" aliuliza.

Gaëlle alifungua mdomo, lakini Wamaitha alimtangulia, uso ukimng'aa kwa fahari. "Mjomba wake Gaëlle ana droni, Bwana. Alitusaidia asubuhi na mapema."

Bwana Thierry aliitikia kwa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari lake. Gaëlle alihisi masikio yakimwaka moto. Wamaitha hakuwahi kusema uongo hata kuhusu kazi ya nyumbani ambayo hakuifanya. Sasa alikuwa amemdanganya mtu mzima ana kwa ana, naye mwenyewe hakujua.

Alimfuata Mwalimu Kathambi nyuma ya ukumbi, alikokuwa akipanga viti.

"Mwalimu, ile picha ya mwanzo si yetu. Niliichukua kwenye filamu ya watu. Mjomba wangu hana droni. Ana pikipiki, nayo ni mbovu."

Mwalimu Kathambi aliweka chini kiti alichokishika. "Wenzako wanajua?"

"Hapana. Niliwadanganya na wao."

"Unajua sheria, Gaëlle. Filamu yenye picha ya mtu mwingine haionyeshwi. Lakini tunapokea filamu hadi saa nne na nusu, na sasa ni saa tatu na nusu. Mkileta Keki isiyo na picha hiyo, nitaipokea. Ila kwanza nenda kamwambie Bwana Thierry, halafu wenzako. Mimi siwezi kukusemea."

Bwana Thierry alimsikiliza hadi mwisho, akafuta mstari mmoja kwenye daftari lake, akamshukuru. Kwa wenzake ilikuwa vigumu zaidi. Steve aliinama akaanza kukaza kamba za viatu vyake. Wamaitha alilengwalengwa na machozi.

"Umenifanya nimdanganye yule mzee," alisema. "Mbele ya watu wote."

"Nisamehe. Niliionea aibu filamu yetu. Sikupaswa kuionea aibu."

Wamaitha alijifuta uso. "Bado nimekasirika," alisema. "Lakini twende. Filamu haiwezi kuanza katikati."

Walikimbia. Jengo lao lilikuwa mitaa miwili tu kutoka kanisani. Walisimama mbele ya lifti mbovu wakihema, na hakuna aliyejua wapige picha gani. Gaëlle aliegemea ukuta wa ngazi, akainua macho.

Ngazi za jengo lile zilizunguka nafasi tupu katikati, kama kisima. Ukisimama chini na kutazama juu uliona vyuma vya kushikia vikizunguka, ghorofa juu ya ghorofa, hadi kwenye kipande kidogo cha mwanga paani. Alikuwa amepita hapo mara elfu.

"Droni yetu hii hapa," alisema polepole. "Tunaifunga simu kwenye kamba, tunaivuta kutoka chini hadi juu. Tutapita ghorofa zote bila kukata."

Saluni ilikuwa imejaa, kama kila Jumamosi. Mama Hélène alikuwa amemsuka mteja nusu ya kichwa. Gaëlle alimweleza yote, uongo wake kwanza, kamba baadaye. Mama yake alisikiliza bila kuacha kusuka.

"Mwalimu umemwambia ukweli?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule Papa wa sinema?"

"Na yeye pia."

"Basi simu iko kwenye mkoba, chukua. Ila kamba ashike mtu mzima, na wewe usiiname juu ya vyuma. Simu ikipasuka, utasuka watu hapa mpaka uzeeke." Mteja alicheka hadi kichwa chake kikamponyoka Mama Hélène mikononi.

Papa Gustave alimwachia mwenzake lango, akapanda na kamba ya kuanikia nguo. Waliiweka simu ndani ya mfuko wa wavu wa machungwa, wakatoboa nafasi ya jicho la kamera. Steve alikimbia mlango kwa mlango kuwaomba watu waendelee na shughuli zao na wasiguse kamba. Kwa hiyo bila shaka kila mtu alitoka kutazama.

Mara ya kwanza simu ilizunguka kama pia. Walipoangalia picha waliona ukungu na kizunguzungu tu. Saa ilikuwa nne kasoro dakika tano.

"Kamba moja inazunguka," alisema Wamaitha, bado amekunja uso. "Tufunge mbili, moja kila upande. Papa Gustave ashike moja, Bibi Murielle alete yake, ashike upande wa pili."

Mara ya pili mfuko ulinasa kwenye chuma cha ghorofa ya sita, na mama mmoja akaunasua kwa mwiko wa ugali. Mara ya tatu simu ilipanda. Ilipanda taratibu na kutulia, kama inavutwa na pumzi. Ilimpita mwanamke wa ghorofa ya tatu akiwa na kitunguu mkononi. Ikawapita watoto wawili walioingiza nyuso zao katikati ya vyuma. Ghorofa ya nane mwenye tarumbeta aliamua kwamba wakati wake umefika, akapuliza noti tatu ndefu. Safari hii alizipata zote. Simu ikafika juu, kwenye uso wa Bibi Murielle, aliyekuwa anavuta kamba kwa ulimi uliotokeza pembeni.

Akiwa amekaa kwenye kidato cha mwisho, Gaëlle aliifuta ile ya helikopta, akaibandika picha hii mwanzoni. Waliingia ukumbini saa nne na dakika ishirini na sita.

Saa tano ukumbi ulijaa. Filamu ya Jeremy ilionyeshwa kabla ya yao, nayo ilikuwa nzuri kwa kweli. Jiji lilimeremeta, gari likapaa kwenye kona, taa zikawaka. Watu walipiga makofi, ingawa mzee mmoja alisikika akimwuliza mkewe gari lile linakimbilia wapi, naye mkewe hakujua.

Kisha ikaja Keki. Ghorofa kumi na moja zilipanda juu ya pazia kubwa, na watu wakainua vichwa kuzifuata. Steve alipotokea na keki yake, watu walisogea mbele kwenye viti. "Mwacheni apite," mwanamke mmoja aliliambia pazia. Keki ilipodondoka kwenye viatu vya Papa Gustave, na yeye akaionja, kicheko kilivuma hadi maneno yake hayakusikika. Gaëlle alikuwa amemshika Wamaitha mkono, na Wamaitha hakuutoa.

Bwana Thierry alitangaza matokeo. Tuzo ya picha bora ilikwenda kwa darasa la Randburg. Tuzo ya pili, iliyopigiwa kura na watazamaji wenyewe kwa filamu waliyoipenda kuliko zote, ikaenda kwa Keki.

Jeremy aliwafuata haraka. "Ile ya mwanzo mlitumia mashine gani? Sisi hatukuweza kupanda hivyo ndani ya nyumba."

"Kamba mbili za nguo na mfuko wa machungwa," alijibu Gaëlle. "Kamba mbili ni wazo la Wamaitha." Akampa Wamaitha cheti cha tuzo akitunze kwao.

Walipokuwa wakikunja viti, Steve aliuliza, "Mwalimu, kwa hiyo filamu ya simu inaweza kushindana na za makampuni makubwa?"

Mwalimu Kathambi alikaa kwenye kiti cha mwisho kilichobaki.

"Kwa fedha, hapana," alisema. "Wenye kamera kubwa watakuwa na picha safi kuliko zenu, na leo mmeliona hilo. Lakini mtazamaji hakai ukumbini kuhesabu kamera. Anataka kujua kama keki itafika. Hadithi ya ngazi zile nyinyi mnaijua kuliko kampuni yoyote, na mliifanyia kazi kwa bidii." Alimgeukia Gaëlle. "Na wewe, ungenyamaza asubuhi, labda nisingejua. Watu wangeisifu kazi ya mtu mwingine, na wewe ungerudi nyumbani ukijua hivyo. Uliposema ukweli ulibaki bila kitu mkononi, na hapo ndipo ulipolazimika kuinua macho na kuona ulichonacho. Kazi yako iwe ndogo au kubwa, hakikisha ni yako. Makofi ya leo yalikuwa yenu nyote watatu, kila moja."