Batri Iliyotoka Matangani

Jua lilikuwa linazama nilipofika mtaa wa Murara kuangalia batri. Sikwenda kutafuta mambo ya mizimu. Nilikwenda kutafuta pumzi ya mama yangu.

Mama Athanasie ana mapafu mabovu. Analala na mashine ya oksijeni kando ya kitanda, mrija puani, na mashine hiyo inakula umeme bila huruma. Umeme ukikatika kwetu Mabanga, mashine inalia, inanyamaza, na mimi nabaki kumpepea kwa kifuniko cha ndoo. Mara ya mwisho midomo yake iligeuka rangi. Ndiyo maana nilitaka batri kubwa ya kubebeka, ile yenye mkono wa kushikia, matundu ya kuchomekea waya ubavuni, na kioo kidogo kinachoonyesha wati zinazotoka.

Madukani nilikuwa nimeshagombana na watu. Umeme sikuusoma shuleni. Nilijifunza kwa kufungua vitu na kuunguza vidole. Lakini najua kwamba nguvu ya kusukuma mashine ni jambo moja, na kudumu mpaka asubuhi ni jambo lingine. Muuzaji mmoja alinipa kibatri cha kuchaji simu, akaapa kitabeba hata friji. Nikakinyanyua. Chepesi kama katoni ya biskuti.

"Ndani ya hii uliweka nini, pamba?" nilimuuliza mbele ya wateja wake.

Akanifukuza. Vizuri tu.

Ndipo nikaelekezwa kwa Valentin, huko Murara. Alinipokea mlango wa nyuma, akinong'ona. Uani, mbele ya nyumba, watu walikuwa wamekaa kimya kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Matanga.

"Ilikuwa ya kaka yangu, Baharanyi," alisema. "Tumeshamuzika. Batri inabakia ya nini?"

"Mjane anajua?"

"Anajua."

"Niitie yeye mwenyewe aniambie. Sinunui kitu cha mutu kupitia mlango wa nyuma."

Wivine, mjane, alikuja akiburuta kandambili. Batri ilikuwa kwenye kona ya sebule, chini ya picha ya marehemu, imewasha balbu moja tu. Kwa wazee wetu kule milimani, matanga huwa na moto wa kuni, na moto huo hauzimwi wala hautolewi nyumbani mpaka waombolezaji watawanyike. Hapa mjini kiwanja ni kidogo na kuni ni ghali. Wao walikuwa wamewasha balbu.

"Papa," mjane alininong'oneza, "nimechoka kushindana na shemeji. Uibebe. Lakini uibebe ikiwaka. Usiizime. Hata kidogo."

Hapo damu ikanipanda. Nimewahi kuuziwa redio namna hiyo. Muuzaji akikukataza kuzima kitu, ujue hakitawaka tena.

"Mama, mimi si mutoto. Kitu nisichoweza kukizima, sikinunui."

Nikabonyeza.

Giza.

Uani, viti vya plastiki vikalia vyote kwa pamoja, kama watu wamesimama. Kisha... mtu akavuta pumzi karibu na sikio langu. Pumzi ndefu. Ya mtu aliyeibuka majini.

Nikabonyeza tena. Balbu ikawaka. Wivine alikuwa kule ukutani, mkono mdomoni. Valentin alikuwa mlangoni. Karibu yangu hapakuwa na mtu.

"Munaona?" nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Inawaka vizuri."

Nikachomeka pasi yao ya umeme kuijaribu. Batri haikutetereka. Tukamalizana. Nikaifunga nyuma ya pikipiki, nikaondoka. Hakuna aliyeniaga.

Nyumbani, mama alifungua macho kabla sijaitua chini.

"Nani anapika na kuni?"

"Hakuna, Mama."

"Nasikia moshi."

Umeme ukakatika hapo hapo. Mashine ikalia. Nikachomeka waya wake kwenye batri, ikavuma, na kifua cha mama kikatulia. Nusura nilie kwa furaha. Umeme uliporudi nikarudisha waya ukutani, nikatazama kioo cha batri.

Hakuna waya hata mmoja uliochomekwa. Lakini wati hazikwenda sifuri.

Zilipanda... zikashuka... zikapanda tena. Taratibu.

Kama kifua.

Nilisema ni hitilafu. Nikachukua bisibisi, nikafungua batri, nikaangalia kila kiungo. Hakuna waya uliogusa mwenzake. Hakuna unyevu. Ndani mlinuka moshi wa kuni.

"Umeitoa wapi?" mama aliuliza.

"Murara. Kwenye matanga."

"Matanga yameisha?"

Nikaanza kurudisha skrubu za batri, moja moja.

"Na uliizima?"

"Mama, ni batri!"

"Moto ni moto. Mwenyewe anautafuta. Uurudishe."

"Na courant ya umeme ikienda? Utahema na nini?"

"Na ile Mungu ananipa. Urudishe, mutoto wangu."

Nilimfokea. Nilimwambia nimezunguka mji mzima kwa ajili ya pumzi zake. Aligeukia ukuta, akauchomoa mrija puani kwa mkono wake mwenyewe. Hakuurudisha mpaka nilipoapa.

Jioni iliyofuata, jirani yetu Sylvie aliporudi kutoka sokoni na kukubali kukaa na mama, niliibeba batri hadi Murara. Nilipita mlango wa mbele safari hii.

Waombolezaji walikuwa gizani, kwenye viti vile vile. Valentin hakuwepo. Wivine aliipokea kwa mikono miwili.

"Tangu uizime hatujalala," alisema. "Mume wangu alikuwa anatembea ndani, anapapasa ukuta. Kisha, usiku huo huo, akanyamaza."

Sikudai pesa zangu. Niliiweka kwenye kona yake, nikachomeka balbu, nikawasha. Kioo kilionyesha wati za balbu, basi. Hazikupanda, hazikushuka. Nikashusha pumzi. Nimerudisha cha watu, nikajiambia. Yameisha.

Lakini Wivine alikuwa bado anaitazama ile kona. Alitazama mlango nyuma yangu. Akatazama tena kona.

"Papa," alinong'ona. "Moto umeleta. Yeye umemuacha wapi?"

Sikumbuki nilivyoendesha pikipiki. Nakumbuka Mabanga yote ilikuwa giza. Umeme ulikuwa umekatika. Nilimkuta Sylvie nje ya mlango wetu, kanga ameikaza shingoni.

"Mama yuko?"

"Yuko."

"Anahema?"

"Anahema. Lakini mimi humo sirudi."

Kisha nikaisikia.

Mashine ilikuwa inavuma.

Niliingia na tochi ya simu. Waya wake ulikuwa sakafuni. Niliuokota, nikaufuata kwa vidole mpaka mwisho. Kichwa cha waya kilikuwa kiganjani mwangu. Hakikuchomekwa popote... na mashine inavuma. Taratibu. Kwa kupanda na kushuka.

Chumba kilinuka moshi.

Mama alikuwa amelala, midomo yake ina rangi nzuri ambayo sijaiona muda mrefu. Alijisogeza kuelekea ukutani, akaacha nafasi kando yake kitandani.

"Ukae, Papa Baharanyi," alisema, amefumba macho. "Usisimame. Ukae."

Jina hilo sikuwahi kumtajia.

Mashine ile ina kibonye chekundu mbele. Nilikiwekea kidole. Nikatazama kifua cha mama kikipanda, nikatazama godoro kando yake likibonyea polepole.

Mimi ndiye niliyesema sinunui kitu nisichoweza kukizima.

Nikaondoa kidole.