Mikono Isiyo na Mwenyewe

Jioni moja Leonia alichambua mchicha, na mumewe Silasi akaona ameupanga mafungu matatu: majani mapana, ya wastani, na yaliyotoboka. Silasi akacheka. Leonia hakucheka, kwa sababu hakukumbuka kuupanga.

Mwaka huo ghala la tumbaku la njia ya Sikonge, alikofanya kazi, lilikuwa limetaifishwa. Msimamizi, Alois, aliwaambia kina mama kwamba sasa ni mali yao. Kengele ikabaki ile ile, na benchi lile lile. Kunyoosha jani, kulitia daraja, kufunga fungu, kulisukuma mbele. Miaka minne sasa yuko kazini hapo, na Leonia hakujua tumbaku ile huishia wapi.

Baada ya mchicha ikaja harufu ya jasho la mwanamume na vumbi la safari, chumbani, mchana kweupe. Kisha Jumapili, wametoka misa, alikaa uani kumsuka binti yake Veneranda, na vidole vikaanza kulinyoosha sikio la mtoto kama jani, taratibu, vikalipima upana, vikashuka shingoni, vikachukua uzi wa kusukia na kuuzungusha mara moja, mara ya pili, vikikaza kama vinavyokaza fungu, naye Leonia akivitazama kama mtu anayetazama kazi ya jirani, anataka kupiga kelele na sauti haiji, mpaka Silasi alipofika mbio akaukata uzi kwa kisu.

Mtoto alikohoa hadi jua likazama. Leonia mwenyewe aliomba afungwe mikono kwa kanga.

Kesho yake walikwenda Mtendeni kwa Bibi Mwanamkuu, mganga. Silasi akamwamkia, akaeleza yote. Bibi hakuuliza dini yao. Alifukiza ubani, akamfunika Leonia shuka, na chini ya shuka ikatoka sauti ya kiume, nzito, iliyochoka.

"Nilibeba pembe za ndovu kutoka hapa. Mabega yangu yalifika pwani. Mimi sikufika."

"Waliokutwika wamekufa zamani," bibi alisema polepole. "Kwa huyu umefuata nini?"

"Niliikuta mikono haina mwenyewe."

Bibi akaagiza Leonia atengeneze kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kiwe chake, asimpe mtu. Leonia akaenda Itetemia kuchimba udongo, akaufinyanga, akauchoma. Vyungu viwili vilipasuka. Cha tatu akakipikia maharage, mvuke ukamuunguza kidole, naye akaangua kilio, maana maumivu yalikuwa yake. Harufu ile ikatoweka nyumbani.

Siku ya tisa baada ya hapo alikwenda ghalani kuaga, kwamba anaacha kazi. Alois akamfuata hadi mlangoni, akataka kujua inakuwaje mtu akimbie mali yake mwenyewe.

"Kama ni yangu, ndugu Alois, niambie majani haya yanakwenda wapi."

Alois alifungua kinywa. Shingo yake ilikuwa imekakamaa kama ya mtu aliyejitwika mzigo, na Leonia akaijua sauti iliyomtoka: ni ile iliyotoka chini ya shuka.

"Sijui," ilisema. "Wewe beba tu."