Chai Iko Mkutanoni

Mgahawa wa Aikande ulikuwa Old Moshi, ng'ambo ya barabara ukitoka kanisani. Ulikuwa na meza tatu, mabenchi sita na redio moja. Wateja wake walilima kahawa, lakini walikunywa chai.

Tangu vyama vingi viruhusiwe, mgahawa ulichangamka. Huyu chama hiki, yule chama kile. Walibishana mpaka chai ikapoa, kisha wakaomba ipashwe moto. Aikande, mjane wa miaka arobaini, alimimina na kusikiliza. Hakuchangia neno.

Siku moja mwaka 1996, tangazo lilibandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Mnunuzi mmoja wa kahawa kutoka mjini alitaka kukodi eneo kwenye chanzo cha mfongo, aoshee kahawa pale. Mfongo ni mfereji unaoleta maji kutoka mlimani mpaka vihambani, kwenye mashamba ya migomba na kahawa. Mkutano mkuu wa kijiji ungeamua Jumapili, baada ya ibada.

"Haiwezekani!" Eliamini alipiga meza. "Maganda yakioza ndani ya mfongo, ng'ombe wangu watakunywa nini?"

"Tumekataa," alisema Mzee Sifael, mkubwa wao kwa umri.

"Tumekataa!" wote waliitikia. Wakaagiza maandazi, wameridhika kabisa.

Aikande hakuridhika. Maji yake ya chai yalitoka kwenye mfongo huo. Yakichafuka, mgahawa ungefungwa, na watoto wake watatu walikula kutokana na mgahawa.

Tena alikumbuka uwanja wa mpira. Mwaka uliopita wanaume hawa hawa walikataa usikodishwe, mezani hapa hapa. Siku ya mkutano walitoka kanisani, wakaja kunywa chai na kuujadili mkutano. Mkutano wenyewe ulikuwa hatua mia moja tu kutoka hapo! Walipomaliza chai, watu walikuwa wanatawanyika. Uwanja ulikuwa umekwenda.

Alhamisi, Doris aliingia kunywa chai. Alikuwa bibi maendeleo wa kata, mtumishi wa serikali wa maendeleo ya jamii.

"Shikamoo, mzee," alimwamkia Sifael.

"Marahaba, mwanangu. Sisi hapa tumeshakataa habari ya mfongo."

"Mmekatalia wapi?"

"Hapa."

Doris aliweka kikombe chini. "Mzee, mazungumzo haya ni mazuri. Hapa mnaelimishana. Lakini uamuzi unafanyika mkutanoni. Mikono inahesabiwa kule, na muhtasari unaandikwa kule. Msipokwenda, wachache watawaamulia."

"Nani anaruhusiwa kusema?" aliuliza Aikande. Wanaume wote waligeuka kumtazama.

"Kila mkazi mwenye miaka kumi na minane na zaidi. Mwanamke au mwanamume, wa chama chochote, au asiye na chama."

Mzee Sifael alikohoa. "Mfongo ni mambo ya wanaume. Tangu zamani wanawake hawakaribii chanzo."

"Hiyo ni mila, mzee, na mimi siidharau. Ila mkutano wa kijiji unaongozwa na sheria. Mbele ya sheria, mkono wa Aikande ni sawa na wako."

Mzee alirudia kikombe chake. Aikande alikuwa ameshaamua.

Jumapili, ibada ilipokwisha, wanaume walivuka barabara kama kawaida yao. Walikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Aikande alikuwa amesimama nje, amebeba birika lake kubwa.

"Kulikoni, mama? Leo hakuna chai?" aliuliza Eliamini.

"Chai ipo. Iko mkutanoni."

Walinung'unika, lakini walimfuata. Wangefanyaje?

Mwenyekiti alisoma ombi la mnunuzi. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Wale simba wa mgahawani walitazama viatu vyao. Aikande akanyoosha mkono. Aliogopa kweli, lakini alisimama.

"Mimi natumia maji ya mfongo kila siku," alisema. "Ninyi nyote mmekunywa chai yangu. Kahawa ikioshewa kwenye chanzo, uchafu utashuka mpaka kwenye masufuria yetu. Aoshee mahali pengine, achimbe shimo la maji machafu. Mimi sikubali."

Watu walianza kunong'ona. Mwanamke, tena kuhusu mfongo! Ndipo Mzee Sifael aliposimama.

"Aikande amesema ukweli," alisema. "Wiki nzima tumesema hayo mgahawani kwake, na hapa tumenyamaza. Mimi naona aibu. Sikubali."

Mikono ikahesabiwa. Waliokataa walikuwa wengi mno. Aikande hakuketi.

"Mwenyekiti, naomba iandikwe, kisha tusomewe."

Ikaandikwa. Ikasomwa.

Jumatatu mgahawa ulijaa. Maji ya mfongo yalipita nyuma ya jiko, safi kama jana. Eliamini alianza kulalamikia barabara mbovu.

"Mkutano ujao, nani atalisema hilo?" aliuliza Mzee Sifael.

"Mimi," alisema Eliamini.

Aikande alikuja na birika. Mzee alilipokea, akasogea kwenye benchi.

"Keti, mama. Leo nitamimina mimi. Wewe tuambie, barabara unaionaje?"